Kungoja Marikebu Mwambani

Mpitimbi ni kijiji cha Ungoni, kusini ya mji wa Songea, katika upande uelekeao mpaka wa Msumbiji, na mtu atakaye kutoka huko hata aione bahari ya Mtwara kwa njia ya Namtumbo, Tunduru na Masasi hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 600. Kwa umbali huo, msomaji asiyeijua historia ya nchi hii aweza kudhani kwamba watu wa kule, wakulima wa mahindi na tumbaku, hawakuwa na habari yoyote na miamba ya matumbawe, mpaka ilipozuka desturi ya siku hizi ya msafiri mwenye nafasi kujitengea siku mbili tatu za kuzuru mwamba kabla ya kupanda meli kwenda kupumzika. Napenda kumwonyesha msomaji huyo kuwa sivyo. Tangu karne ya 19, safari ya mtu wa Ungoni aliyeshuka pwani kupanda chombo ilikuwa na kituo chake cha kungoja, na kituo hicho kilikuwa katika bandari zilizokingwa na mwamba. Na zaidi ya hayo, mwamba wa kusini kabisa mwa pwani yetu umewekewa mpaka na mto unaozaliwa kwetu. Msafiri wa leo, basi, hakuzua jambo jipya: anaifuata kwa hiari na kwa furaha njia ambayo waliomtangulia waliifuata kwa sababu nyingine, na baadhi yao kwa machozi.

Nianze na mto. Ruvuma huchimbuka katika milima ya Matogoro, ambayo mtu aliyesimama Songea mjini huiona kwa macho yake, kisha hushika upande wa magharibi na kusini, na ukisha kufika mpakani hugeuka ukaelekea mashariki, ukiitenga Tanzania na Msumbiji mpaka mwisho wake, mwendo wa takriban kilomita 800 kwa jumla. Vijito vya upande wetu huishia humo. Lakini mto huu, pamoja na ukubwa wake, haukupata kuwa njia ya vyombo. David Livingstone aliujaribu kwa marikebu yake ya Pioneer mwaka 1861, akarudi upesi maji yalipopungua. Akaujaribu tena kwa mashua mwaka 1862, akazuiwa na mawe na maporomoko. Na katika safari yake ya mwisho, mwaka 1866, alifika mlangoni mwa mto mwezi wa Machi akiwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, asipate mahali pa kuwateremsha wanyama wale, ikambidi arudi kaskazini akashukie Mikindani. Kilichomshinda hapo ndicho kilicho asili ya habari yetu. Matumbawe hupenda maji safi, ya uvuguvugu na yenye chumvi kamili, na hayastahimili tope wala maji baridi ya mtoni. Kwa hiyo pale Ruvuma inapomwaga udongo wake pana mikoko, mafungu ya mchanga na maji ya rangi ya chai, na mwamba huanza baada ya kupanda kidogo kaskazini, upande wa Msimbati, ambako bahari imetakata. Aliyetaka bandari tulivu aliitafuta nyuma ya mwamba, na aliyetoka bara akitaka chombo aliifuata bandari hiyo.

Wazee wetu walioanzisha Ungoni hawakuwa watu wa bahari. Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, aliuvuka Mto Zambezi na watu wake mwaka 1835, akafariki Ufipa kiasi cha miaka kumi na mitatu baadaye, na jeshi lake likagawanyika. Na katika mafungu yale, na mengine yaliyotoka kusini kwa njia nyingine, ndimo zilimotoka dola mbili za Songea, yaani Njelu na Mshope. Hawa waliihesabu mali yao kwa ng'ombe na kwa watu. Ijapokuwa bahari hawakuwa nayo, bahari iliwajia kwa njia ya misafara, kwa kuwa barabara kuu ya biashara kutoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa ilipita katika nchi hizi za kusini, na Mjerumani Albrecht Roscher aliifuata mwaka 1859 hata akafika ziwani mwezi wa Novemba. Kwa njia hiyo zilipanda kaniki na merikani, shanga, bunduki na baruti. Zikashuka pembe za ndovu na watumwa. Katika zama za mwisho za biashara hiyo mfanyabiashara Rashid bin Masoud alikuwa na kituo chake Kikole, na watawala wa Kingoni walikuwa miongoni mwa waliofanya naye biashara. Haifai kulificha jambo hili kwa kuwaonea haya wahenga. Wangoni walivamia, wakateka, na sehemu ya waliotekwa wakawauza, na minyororo iliyofika Kilwa ilibeba Wandendeule, Wayao, Wamatengo na watu wa makabila mengine mengi ambao wajukuu wao leo tunaoana nao na kuzikana nao.

Kilwa Kivinje ilikuwa mwisho wa nchi kavu. Bandari yake ni ya maji machache; bahari ikipwa huacha uwanda mrefu wa tope, na majahazi hulala nje, katika bahari iliyozungukwa na visiwa vya mwamba kama Songo Songo. Katika miaka ya 1860 watu waliopitishwa forodhani hapo kupelekwa Unguja na kwingineko walikadiriwa kuwa karibu 20,000 kila mwaka, na wote hao iliwabidi wangoje: wangoje bei, wangoje nahodha, na zaidi ya yote wangoje upepo, maana jahazi liendalo kaskazini hutaka kusi, na kusi haimtii mtu. Hivyo ndivyo watu wa kwanza wa nchi za Ruvuma, kwa wingi, walivyouona mwamba wa baharini: ni ule mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mbali, ambao nyuma yake hapakuwa na kurudi. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, alioutia sahihi Seyyid Barghash, ulilifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Na kwa kuwa wafanyabiashara walianza kuwapeleka watu kwa miguu kufuata pwani, ikabidi zitolewe amri nyingine mwaka 1876 za kuizuia na njia hiyo. Mtu anayesoma habari za safari za anasa zinazoanzia katika pwani hii hana haja ya kujinyima furaha yake kwa sababu ya hayo, ila namwomba ayajue.

Wakati huo huo mwamba wenyewe ulikuwa shamba la watu wa pwani, na mazao yake yalikwenda mbali kuliko wavunaji walivyoweza kufikiri. Wanawake na watoto waliokota kauri bahari ilipokupwa, wakazifukia mpaka wadudu waliomo wakaoza, wakazifukua, wakaziosha na kuzianika. Na kampuni za Hamburg, hususan ile ya William O'Swald iliyofungua nyumba yake Unguja mwaka 1849, zikazipakia kwa shehena nzima na kuzizungusha Afrika hadi pwani ya Guinea, ambako kauri ilikuwa ni fedha ya kununulia mafuta ya mawese. Zikapelekwa nyingi mno hata thamani yake ikaanguka, na watu wa Lagos na miji jirani waliokuwa wameweka akiba zao kwa kauri wakajikuta wamefilisika. Nalitaja jambo hili kwa sababu wengi hudhani kwamba mwamba ulianza kuingiza fedha za kigeni walipofika watalii, ilhali biashara hiyo imewatangulia watalii kwa zaidi ya miaka mia.

Na kabla ya kauri palikuwa na mawe. Yeyote aliyepata nafasi ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani na kutembea ndani ya Msikiti Mkuu, au akapanda Husuni Kubwa iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, muda mfupi kabla ya Ibn Battuta kuuzuru mji huo mwaka 1331, amesimama katika jengo lililotoka baharini. Mafundi wa Kilwa walitumia mawe ya aina mbili. Kuta walizijenga kwa mawe ya mwamba wa kale uliokauka nchi kavu. Lakini mihirabu, matao, miimo ya milango na kuba walizichonga kwa tumbawe lililokatwa likiwa hai chini ya maji, kwa sababu tumbawe hilo likiwa bichi ni laini, hukubali shoka na patasi, na likipata jua na hewa huwa gumu. Chokaa nayo ilitoka huko huko: walipanga magogo kwa duara, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, wakawasha moto katikati ukawaka hata mawe yakageuka unga, kisha unga huo wakauzima kwa maji na kuuacha shimoni upoe. Ukiupitisha mkono katika nguzo moja ya msikiti ule, vidole vyako vitakutana na vijitundu vya nyota vya wale viumbe wadogo walioijenga nguzo hiyo baharini kabla ya mwanadamu kuichonga, na mimi sijaona ushahidi ulio mwema kuliko huo wa kwamba ustaarabu wa pwani umesimama juu ya mwamba si kwa maneno tu bali kwa mawe.

Marikebu za moshi zilipokuja, kungoja hakukwisha, kulibadilika sababu. Kampuni ya British India ilianzisha safari za kila mwezi za kufika Unguja mwaka 1872, na Wajerumani wakaanzisha kampuni yao ya Deutsche Ost-Afrika Linie mwaka 1890, ambayo vyombo vyake viligusa bandari za pwani ya utawala wao. Mikindani wakajenga boma mwaka 1895, ambalo lingali limesimama kilimani likiitazama ghuba. Kuanzia hapo mgeni wa Ungoni alikuwa ni mtu aliyeshuka melini, akapumzika siku chache pwani akitafuta wapagazi, kisha akapanda bara kwa miguu kwa majuma kadhaa. Watawa Wabenediktini wa St. Ottilien walipofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, jirani kabisa na sisi, kila kengele, kila kitabu na kila msumari ulipita njia ya namna hiyo. Askofu Cassian Spiss naye aliishika njia ya Kilwa katika mwezi wa Agosti 1905, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, akitaka kufika Peramiho. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kuwaka nyuma ya pwani, na tarehe 14 mwezi huo wote waliuawa upande wa Liwale. Kabla mwaka haujaisha vita vikafika Ungoni. Mwanzoni mwa 1906 viongozi wetu, na miongoni mwao nduna Songea Mbano ambaye jina lake ndilo jina la mji, walinyongwa, mashamba na maghala yakachomwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Njaa hiyo na kodi ya nyumba vilifungua sura nyingine ya safari za pwani. Wanaume wa Songea walianza kushuka kutafuta kazi, wengi wao katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga, wakienda kwa miguu makundi makundi na kulala njiani kwa tahadhari ya simba wa Tunduru. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda idara yao ya kuajiri, ambayo watu waliiita Silabu, nayo ikawa inawachukua manamba kwa malori. Na mtaalamu P. H. Gulliver, katika kitabu alichokitoa mwaka 1955 juu ya Wangoni na Wandendeule, alieleza jinsi vijiji vyetu vilivyokuwa vimeachwa na sehemu kubwa ya wanaume wenye nguvu. Wengine walichukuliwa askari wa King's African Rifles, wakapandishwa marikebu Mombasa kwenda kupigana Burma. Hawa wote waliiona bahari, na waliporudi waliisimulia. Kwa njia ya masimulizi yao ndipo mtoto wa Ungoni asiyewahi kutoka kijijini alipojua kuwa yapo maji yasiyonyweka, na kwamba maji hayo huondoka kila siku yakarudi.

Bandari ya Mtwara, yenye kina kikubwa na mlango salama kati ya miamba, ilijengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, ule mradi mkubwa wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Gati lilifunguliwa 1954, karanga zikiwa zimekwisha kushindwa, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang'olewa miaka michache baada ya nchi kujitawala. Korosho ndizo zilizoiokoa bandari, na pamoja na korosho, abiria. Maana katika masika barabara ya Dar es Salaam ilikatika kwenye Mto Rufiji, na mtu wa kusini aliyekuwa na haraka hakuwa na njia ila bahari. Meli kama Canadian Spirit, iliyojulikana sana katika miaka ya 1990, ilibeba watu, magunia, kuku na magodoro kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Mtu aliyeshuka kutoka Tunduru au Songea kwa lori na kuikuta meli haijafika hakuwa na la kufanya ila kungoja. Ng'ambo ya bandari iko Msangamkuu, ambako vyombo huvusha watu siku nzima, na mbele ya Msangamkuu uko mwamba. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, mabasi yakaanza kupita masika na kiangazi, na abiria wakaiacha bahari. Ni neema kubwa kwa watu wa kusini, wala sisemi vingine. Lakini tangu mwaka huo mwamba haumo tena katika njia ya lazima, na msafiri atakaye kuuona sharti auongeze mwenyewe katika safari yake.

Kuuzuru mwamba kwa ajili ya macho tu ni desturi changa katika pwani hii. Kenya ilitangulia kwa kutenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968, na mashua zenye kioo chini zikawa sehemu ya mapumziko ya wageni wa huko. Tanzania ilivitenga visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, mbele ya Dar es Salaam, mwaka 1975, ingawa kwa miaka mingi ulinzi wake ulikuwa wa kwenye karatasi. Zanzibar iliutangaza mwamba wa Chumbe, kando ya mnara wa taa uliojengwa 1904, kuwa hifadhi mwaka 1994. Mwaka huo huo Bara ikatunga sheria ya hifadhi za bahari, Mafia ikafuata 1995, na mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambayo kwa haki kabisa imelibeba jina la mto wetu. Hazikuja mapema. Baruti ilikuwa imekwisha kuvunja miamba mingi tangu miaka ya 1960, kwani mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja na nyumba yao. Na Mikindani matumbawe hai yalikuwa yakichimbwa na kuchomwa chokaa bila kiasi. Wavuvi wa Mtwara na Lindi wenyewe ndio walioungana kuipinga baruti, na sifa hiyo wapewe wao. Kisha mwaka 1998 bahari ikapata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakapauka kutoka Kenya hadi Msumbiji, na mengi yakafa.

Anayefika Msimbati wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, huona bahari ikiondoka mpaka mwamba ukabaki wazi. Wanawake hushuka na vijiti vyao kuchokoa pweza, wakisoma matundu kwa ustadi ambao mgeni hawezi kuuiga: tundu lenye maganda ya kaa na chaza mlangoni lina mwenyewe, lisilo nayo hupitwa. Katika vidimbwi wamo viti vya pweza, majongoo ya bahari, na samaki wadogo wa buluu wanaojificha katika matawi ya matumbawe. Mahali pa kukanyaga ni mchanga na mawe mafu tu. Tumbawe la tawi huvunjika kwa mguu mmoja. Na lile la mviringo hukua takriban sentimita moja tu kwa mwaka, kiasi kwamba jabali moja lenye kimo cha mtu lilikuwa limekwisha kuanza maisha yake pale Livingstone alipokuwa akihangaika na ngamia wake Mikindani, na lilikuwa limefika magotini wakati wa kunyongwa kwa wazee wetu wa Songea au karibu na hapo.

Majabali ya namna hii huandika. Huko Malindi wataalamu walilitoboa tumbawe lenye umri wa miaka 300, wakapima tabaka zake moja moja, wakakuta alama ya udongo wa Mto Sabaki ikiongezeka tangu mwanzo wa karne ya 20, walowezi walipofyeka misitu na kulima nyanda za juu. Mkulima aliyekuwa mamia ya kilomita kutoka baharini aliacha hati yake mwambani pasipo kujua. Kwa sababu hiyo siwezi kuuona mwamba wa Mnazi kuwa mali ya watu wa pwani peke yao. Moto unaowashwa katika vilima vya Matogoro, mahindi yanayopandwa mpaka kwenye kingo za vijito, na matuta yasiyochimbwa ambapo yangefaa kuchimbwa, vyote hutelemka na Ruvuma. Na mto ukizidi kubeba udongo, mahali matumbawe yanapoanzia patasogea mbali zaidi.

Barabara ya lami sasa imetoka Songea hadi Mtwara, na mtu wa Mpitimbi aondokaye alfajiri aweza kulala Masasi na kesho yake kufika Msimbati, akalipa kiingilio cha hifadhi, akapata mvuvi wa kumwongoza. Aliyekusudia meli huendelea kwa basi hadi Dar es Salaam, ambako boti za Unguja huondoka kila siku. Bamvua haiji kila siku. Kwa hiyo mwenye kuipanga safari hii na auangalie mwezi kwanza, kisha ndipo akate tiketi ya boti.